Mihogo Haiombewi Samahani



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuandika juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo mno: sahani ya vitafunwa. Tunawasihi msiharakishe kutuacha. Juu ya sahani hiyo ndogo tumeona urafiki ukijengwa, na juu ya sahani hiyo hiyo tumeona urafiki ukifa.

Hebu tuanze na picha ambayo kila mmoja wetu anaifahamu. Mgeni amebisha hodi saa kumi jioni. Amekaribishwa, ameketi, amepewa maji ya kunywa. Baada ya kitambo, mama mwenye nyumba anatoka jikoni na sinia: mihogo iliyochemshwa ikapasuka vizuri, karanga za kukaanga katika kibakuli, vipande vya papai, na chai ya tangawizi inayofuka mvuke. Kabla hajaiweka sinia hiyo mezani, anatamka neno moja huku macho yake yakiwa chini: "Samahanini jamani, leo hatukujiandaa."

Hakujiandaa? Mihogo hiyo ameimenya kwa mkono wake mwenyewe, akaitoa mizizi ya katikati, akaichemsha kwa chumvi kidogo. Karanga amezichagua moja moja na kuzigeuza juu ya moto wa taratibu zisiungue. Papai amelikata sasa hivi. Amejiandaa kuliko wengi wetu tunavyojiandaa kwa jambo lolote. Sasa tunauliza: anaomba samahani kwa kosa gani?

Linganisheni na nyumba ya pili. Mgeni amefika, na mtoto anatumwa mbio dukani kuchukua soda mbili na pakiti ya biskuti kwa mkopo, deni linaandikwa kwenye daftari la mwenye duka. Hapa haombi samahani mtu yeyote. Vitu vinawekwa mezani kwa fahari, na mgeni anahesabiwa kuwa amepokewa kwa heshima. Tazameni basi mahali tulipofika: anayekopa haombi samahani, aliyepika ndiye anayeomba.

Ndugu msomaji, sisi tunasema kwamba samahani hiyo ni uongo, na kwamba uongo huo umetugharimu mengi. Umeharibu afya zetu, umetia madeni katika nyumba zetu, na lililo baya kuliko yote, umefunga milango yetu kwa rafiki zetu. Tunasema pia, na hili lisikike vizuri, kwamba hatusimami hapa kuwalaani wanaokwenda kula mgahawani. La hasha! Kwenda kula nje na marafiki mara moja moja ni jambo jema, na tutalitetea hapa chini. Tunachokipinga ni kule kukigeuza chakula cha sikukuu kuwa desturi ya kila siku, na kukigeuza chakula cha kila siku kuwa aibu.

Aibu hiyo ilitoka wapi? Wale kati yetu waliokwisha kuvuka miaka hamsini wanakumbuka kwamba soda ilikuwa kinywaji cha Noeli, cha Pasaka, cha harusi na cha ubatizo. Mtoto aliinywa polepole ili isiishe, na baadaye kizibo chake kikawa gurudumu la gari la kuchezea. Ilikuwa tamu kwa sababu ilikuwa sukari, ndiyo, lakini ilikuwa tamu zaidi kwa sababu ilikuwa nadra. Siku nyingine zote za mwaka tulikula viazi vitamu, magimbi, mahindi ya kuchoma, njugu mawe za kuchemsha, maembe ya msimu, na hatukujiona maskini. Kisha vitu vya dukani vikaingia kila kona ya mtaa, tukajifunza polepole kwamba kilichofungwa katika karatasi inayong'aa ni cha mtu aliyeendelea, na kilichofunikwa kwa kawa ni cha mshamba. Hakuna aliyetufundisha somo hilo darasani. Tulilisoma machoni pa wageni wetu, na wageni wetu walilisoma machoni petu. Wahenga walikwisha kutuonya: mwacha asili ni mtumwa.

Na asili hiyo tunayoiacha si haba. Usukumani na Unyamwezini, viazi vitamu hukatwa vipande na kuanikwa juani vikawa michembe, au huchemshwa kwanza ndipo hukatwa na kuanikwa vikawa matobolwa. Ni chakula kinachokaa miezi mingi bila friji, nacho kikitafunwa pamoja na karanga humshibisha mtu. Kagera wanao senene, ambao msimu wao ukifika familia nzima hukaa pamoja kuwanyonyoa mabawa na miguu, na mfuko wa senene waliokaushwa ni zawadi ambayo Mhaya aliye mbali na kwao huipokea kwa mikono miwili. Kusini wanayo togwa. Dodoma wanao ubuyu, ambao unga wake una vitamini C kwa wingi. Njombe na Kilimanjaro wanayo maparachichi. Pwani wanayo mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, na dafu la kushushia. Nani kati yetu anaweza kusimama mbele ya meza yenye vitu hivyo na kusema kwamba hakujiandaa?

Twende sasa kwenye afya, maana hapa mjadala unakuwa wa hesabu wala si wa maoni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda yaliyokamuliwa, isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku. Likaongeza kwamba ingefaa zaidi kama isingezidi asilimia 5, yaani takriban gramu 25, kiasi cha vijiko sita vya chai. Soda nyingi za kawaida huwa na takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa moja ya mililita 350, basi, ina gramu kama 35, karibu vijiko tisa. Mgeni wetu tuliyempokea kwa heshima amemaliza sehemu yake ya sukari ya siku nzima, na kupita, kabla hata hajafungua pakiti ya biskuti. Nasi tuliosindikiza kwa chupa ya pili tumefanya vivyo hivyo.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban asilimia 9 ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, na kwamba takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Hizi si habari za nchi za mbali. Ni za wajomba zetu na shangazi zetu, na wengi wao hatujui kwamba wanaumwa mpaka siku wanapoanguka. Kumwekea mtu wa namna hiyo soda mezani na kumhimiza anywe kwa kuwa "ukikataa tutajisikia vibaya" ni ukarimu wa aina gani? Tunamheshimu mgeni, au tunaiheshimu sura yetu mbele ya mgeni?

Lakini tusidanganyane, ndugu zangu. Si kila kitokacho jikoni kwetu ni dawa. Andazi lililokaangwa nyumbani katika mafuta yaliyotumika mara tano hata yakawa meusi, halishindi andazi la njiani kwa lolote ila kwa umbali. Chai yenye vijiko vinne vya sukari ni ndugu wa soda. Juisi ya maembe tuliyoikamua wenyewe, tukaitia sukari juu ya utamu wake, imekwisha kupoteza sifa ya tunda. Mwembe unatupa embe, tulile embe. Ubuyu uliopakwa rangi nyekundu na sukari ya kung'aa si ubuyu ule tuliousifu hapo juu.

Yapo na makubwa zaidi. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wenye sumu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na baadhi yao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo mama anayechagua karanga moja moja, akatupa zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, hapotezi wakati: analinda uhai. Hali kadhalika mihogo michungu. Isipolowekwa, kuanikwa au kutayarishwa ipasavyo, inabaki na sumu. Mwaka 1985, wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa kula mihogo michungu iliyoandaliwa kwa haraka kwa sababu ya njaa. Wazee wetu walijua kutofautisha mihogo mitamu na michungu kabla ya maabara. Tukiwadharau na mihogo yao, tutaupoteza pia ujuzi huo, na siku tutakapoihitaji mihogo hatutajua kuila.

Tunayasema haya ili isije ikadhaniwa kwamba tunauza ndoto ya kijijini. Tunachokitetea ni chakula kilichoandaliwa kwa akili na kwa upendo. Kikitoka nyumbani, tunajua mafuta ni ya lini, chumvi ni kiasi gani, na mikono iliyokiandaa ni ya nani. Hiyo ndiyo faida yake, nayo ni kubwa ya kutosha pasipo kuiongezea chumvi.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Tunalo kundi letu la marafiki, watu saba, ambao kwa miaka mingi tumekuwa tukikutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kila mara nyumbani kwa mmoja wetu. Hatukuwa na ajenda. Tulikunywa chai, tulitafuna kilichokuwapo, tulicheka, tulisikilizana shida. Haikupangwa na mtu, lakini pole pole sinia zikaanza kukua. Mmoja alileta keki. Aliyefuata akaongeza kreti moja ya soda. Wa tatu akaagiza kuku wa kukaanga na chipsi. Kila zamu ilipokuja, mwenye nyumba alijiuliza swali moja: nisionekane nimeshindwa. Ndipo siku moja dada mmoja wa kundi letu akatuandikia mihogo ya nazi na chai ya mchaichai. Na mmoja wetu (hatutamtaja, ila alikuwa mmoja wetu, na sisi wengine tulicheka naye) akasema: "Leo tumerudishwa kijijini!"

Ulikuwa utani. Dada yetu naye alicheka. Lakini zamu yake ilipofika tena alikuwa na udhuru. Mara ya pili, udhuru. Kisha akaacha kuja hata kwa wengine, maana mtu mwenye staha hawezi kula kwa watu ambao yeye hawezi kuwaalika. Sisi tulisema, "Siku hizi anajitenga." Ilitupasa kupita miezi minane ndipo tukasikia kwa jirani yake, wala si kwake, kwamba wakati ule alikuwa amepoteza kazi, na kwamba ile mihogo ya nazi ilikuwa imeandaliwa kwa fedha yake ya mwisho wa mwezi. Alikuwa katika shida hiyo peke yake miezi minane, na sisi marafiki sita tulikuwa tukila kuku mtaa wa pili.

Tulikwenda kwake. Tuliomba radhi. Amesamehe, na sasa tunakutana tena. Lakini miezi ile minane haitarudi, na kila tunapomsikia mtu akisema "samahanini, leo hatukujiandaa", tunaisikia sauti yake. Hatuandiki haya kama watu wasio na hatia wanaowafundisha wenye hatia. Tunaandika kama watu waliocheka.

Tena jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, ambamo familia hupokezana zamu ya kuwapokea majirani kwa sala, wapo wanaoruka zamu zao. Ukiwauliza watakuambia nyumba ni ndogo. Ukikaa nao zaidi watakuambia ukweli: hawana kreti ya soda. Tumefika mahali ambapo kinywaji chenye gesi kimekuwa kiingilio cha nyumba ya mtu. Fedha ya kreti moja, katika masoko yetu mengi, hununua mihogo, nazi, karanga na ndizi mbivu za kuwatosha watu wote waliohudhuria. Hata hivyo tunaona afadhali mlango ufungwe kuliko ufunguliwe pasipo soda. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeligeuza: mgeni njoo, mwenyeji akope!

Baada ya kusema hayo, inatupasa tuwageukie ndugu zetu wa upande wa pili, wale ambao wakisoma hadi hapa wametikisa kichwa kwa kuridhika na kusema, "Naam, migahawa ni ubadhirifu." Hapana, wapendwa. Hatuko pamoja nanyi.

Kwanza, mwanadamu anahitaji karamu. Mwaka wa Kanisa wenyewe unatufundisha hivyo. Majuma 33 au 34 ni ya Kipindi cha Kawaida, rangi ya kijani, pasipo shamrashamra, na hayo ndiyo mengi. Lakini Pasaka inapofika, tunaimba, tunapamba, tunakula. Anayetaka Pasaka kila siku hana Pasaka hata siku moja. Na anayeikataa Pasaka kwa sababu Kipindi cha Kawaida kinatosha, huyo hakukielewa hata Kipindi cha Kawaida. Vivyo hivyo na mgahawa. Marafiki wanaokutana nyumbani kwa mihogo miezi mitatu, kisha mwezi wa nne wakavaa vizuri wakaenda pamoja kula samaki wa kupaka, mishikaki, ndizi nyama, au kitimoto kwa wanaokitumia, wamefanya jambo la haki na la furaha. Hawana haja ya kujieleza kwa mtu.

Pili, siku hiyo yule anayepika siku zote anakaa. Hili wanaume wengi hatulifikirii. Mke, mama, dada, ambaye katika kila mkutano wa nyumbani amekula akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, siku hiyo anaulizwa na mhudumu: "Mama, utakunywa nini?" Anachagua. Analetewa. Anakula chakula kikiwa cha moto. Haoshi sahani. Kama kungekuwa hakuna sababu nyingine yoyote ya kwenda mgahawani mara moja moja, hiyo peke yake ingetosha.

Tatu, mgahawa ni kazi ya mtu. Mama lishe anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, mchoma mishikaki, kijana anayekatakata kachumbari, wauzaji wanaopanga meza zao jioni katika bustani ya Forodhani kule Unguja, wote hao wanasomesha watoto kwa mikono yao. Kumlipa mtu kwa kazi njema aliyoifanya si kufuja mali. Na kuna vitu ambavyo kwa kweli nyumbani hatuviwezi. Anayejua urojo wa Unguja anajua tunachosema.

Kwa hiyo ugomvi wetu si na mgahawa. Ugomvi wetu ni na mambo matatu yanayoingia mgahawani pamoja nasi.

La kwanza ni mazoea. Chipsi mayai ya Ijumaa moja na marafiki ni starehe. Chipsi mayai ya kila jioni, kwa sababu "sina muda wa kupika", ni mafuta, chumvi na fedha vinavyoondoka kimya kimya. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na mikono inayotikisa kichupa cha chumvi juu ya chipsi haina mizani. Mtu akila hivyo kila siku, si afya tu inayopungua. Hata ladha inakufa. Siku ya karamu ikija, hana cha kuifurahia, maana amekwisha kuila kila siku.

La pili ni maonyesho. Tumeona watu wakiketi meza moja, chakula kikapoa wakati kinapigwa picha, kisha kila mmoja akainama katika simu yake kutazama nani ameisifu picha hiyo. Wamekwenda pamoja, wamekula pamoja, lakini hawakukutana. Rafiki aliyekuwa kitandani nyumbani, mgonjwa, ameiona picha hiyo akajua kwamba hakualikwa. Je, huo ni urafiki au ni tangazo?

La tatu ni bili. Ni mangapi yamevunjwa na karatasi ile ndogo inayokuja ndani ya kijaluba! Kwa desturi zetu, mwenye kualika ndiye mwenye kulipa. Basi asialike mtu asiyekuwa nacho, akitegemea kwamba wengine wataona haya na kuchangia. Na kama ni kuchangia, lisemwe mapema, kwa kiasi kinachojulikana, mahali panapochaguliwa kwa kuutazama mfuko wa yule mwenye kidogo kuliko wote, wala si wa yule mwenye kingi. Hiyo ndiyo kanuni tunayoipendekeza, nasi sasa tunaifuata: mahali ambapo mmoja wetu hawezi kwenda bila kukopa, sote hatuendi. Kama tunapataka sana mahali hapo, tunaweka akiba kidogo kidogo miezi kadhaa mpaka sote tunatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Lipo neno moja zaidi, na hili tunawaelekea hasa akina baba na vijana wa kiume. Ni rahisi sana kwetu kusifu vitafunwa vya nyumbani tukiwa tumekaa sebuleni. Usione vyaelea, vimeundwa! Nani aliyeunda? Nani aliyemenya, aliyekuna nazi, aliyepuliza moto, aliyeosha? Kama kuhubiri kwetu dhidi ya soda na biskuti maana yake ni kumwongezea mama wa nyumba saa mbili za kazi huku sisi tukisubiri na magazeti, basi tumeondoa mzigo mmoja na kumtwisha mwingine yule yule mwanamke. Baadhi ya mama hutuma mtoto dukani kwa sababu wamechoka, wala si kwa sababu wanaona aibu. Mkono wa mwanaume unajua kumenya mhogo. Kijana wa miaka kumi na miwili anajua kuchagua karanga na kuchoma mahindi. Katika kundi letu tumekubaliana kwamba mgeni haingii mikono mitupu na haondoki ameacha vyombo: mmoja huja na ndizi, mmoja na karanga, mmoja huosha, na mwenye nyumba hutoa chai na mkeka. Tangu tuanze hivyo, hakuna aliyeruka zamu yake.

Watasema wapinzani wetu: "Zama zimebadilika. Mgeni wa leo ukimwekea mihogo atakusema vibaya huko aendako." Inawezekana. Lakini mgeni anayekusema vibaya kwa sababu ya mihogo, kesho atakusema kwa sababu ya aina ya soda, na keshokutwa kwa sababu ya aina ya glasi. Huyo hashibi, maana hakuja kula wala kukuona. Alikuja kupima. Mwache apime kwingine. Yule aliyekuja kukuona wewe, atakula mihogo yako, ataomba ya kubeba, na ukiwa mgonjwa atakuwa wa kwanza kubisha hodi. Ni heri kuwa na watu wawili wa namna hiyo kuliko ukumbi mzima wa wapimaji.

Watasema tena: "Watoto hawapendi vyakula hivyo." Watoto hupenda wanachowaona wakubwa wao wakikipenda. Mtoto anayemwona baba yake akitafuna michembe na karanga huku akisimulia hadithi, atataka michembe. Mtoto anayemsikia mama yake akiiombea samahani sahani ya viazi, atajua tangu utotoni kwamba viazi ni aibu. Sisi ndio tunaowafundisha, kwa neno dogo tunalolitamka kabla ya kuweka sinia mezani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hatukuachii mzigo mkubwa juma hili. Mwalike mtu mmoja. Asiwe yule ambaye utapata faida kwake, bali yule ambaye hukumwona siku nyingi na hujui kwa nini. Mwandalie kilichopo: kiazi, mhogo, hindi, tunda, chai isiyo na sukari nyingi. Kama hana uwezo wa kuja, nenda wewe, na ubebe karanga. Kaa naye. Muulize habari zake na usubiri jibu. Kisha, Mungu akijalia, panganeni siku moja ya mbele, mwezi ujao au ule wa pili, mwende pamoja mahali pazuri, mle mnachokipenda, mcheke, mlipe, mrudi nyumbani bila deni na bila hatia.

Na pale utakapotoka jikoni na sinia yako, ukalisikia lile neno la zamani likija mdomoni, lizuie. Usiseme "samahani". Sema tu, "Karibuni tule."